Mpiga solo naye ana jina

Ndugu Mhariri,

Mimi ni fundi redio hapa Isevya, Tabora, na gazeti lenu huwa nalisoma likiwa limeshachelewa manake mama muuza maandazi jirani ndo ananiletea kabla hajalichana, kwa hiyo mkiona najibu habari iliyopoa mnisamehe tu. Ilikuwa ni kihabari kifupi ukurasa wa burudani kuhusu Mick Mars, yule mpiga gitaa wa Mötley Crüe wa Marekani, aliyetoa albamu yake ya kwanza ya peke yake akiwa na miaka 72, na mwandishi wenu akamalizia kwa kejeli kwamba babu angetulia nyumbani alee wajukuu.

Mngesema yote basi. Huyu mzee kakaa na bendi tangu inaanza 1981 kule Los Angeles, na tangu kijana anaumwa ugonjwa wa mgongo ambao pingili zinashikana taratibu mpaka mtu anakuwa mkavu kama ubao, kugeuza shingo shida, kusimama wima shida. Oktoba 2022 akasema ziara basi, mwili umegoma. Mwaka uliofuata yeye na wenzake wakafikishana mahakamani, hayo ni ya kwao. Halafu Februari 2024 ndo akatoa The Other Side of Mars, nyimbo kumi, kwa lebo yake mwenyewe. Na kitu ambacho mwandishi wenu hakukiona ni kwamba huyu bwana haimbi. Kaita waimbaji, nyingi kaimba Jacob Bunton, chache kaimba Brion Gamboa, lakini jina kwenye kava ni la mpiga gitaa, na wimbo wa mwisho hauna sauti ya mtu kabisa, gitaa tu mwanzo mwisho.

Mtauliza fundi redio wa Tabora roki inamhusu nini. Inanihusu kwa sababu ya baba yangu mkubwa. Yeye miaka ya sabini alikuwa anapiga sekondi solo, lile gitaa la pili linalosindikiza solo, kwenye bendi moja ya hapahapa mjini, sasa hivi ana miaka sabini na kitu na kila siku baada ya alasiri anakuja kukaa kwenye benchi la kibanda changu anakunywa kahawa na kunikosoa. Siku niliyosoma ile habari nikaitafuta albamu kwenye simu nikaiunganisha na spika ya mteja ambayo nilikuwa ndo nimetoka kuibadilisha koni, nikamwambia bamkubwa hebu sikiliza, huyu ni mwenzio. Gitaa lilivyoingia tu akaweka kikombe chini, akanikata jicho. "We kijana, hiyo spika si bado imechanika? Mteja unamrudishiaje kitu kinakwaruza hivyo?"

Nilicheka mpaka nikaangusha bisibisi. Lakini ana haki yake, enzi zao gitaa likikwaruza ni ugonjwa, bendi nzima inasimama, anatafutwa fundi. Wao walitaka solo itoke safi, kila nyuzi uisikie peke yake, ing'ae kama kengele juu ya ridhimu. Ikabidi nimweleze kwamba hawa wa roki wanakusudia, wanailazimisha amplifaya ibebe sauti kubwa kuliko uwezo wake, sasa ile mawimbi ya umeme yakifika juu yanakosa nafasi yanakatwa vichwa, ndo unasikia ule mkwaruzo na sauti inakuwa nene na haifi haraka. Akasema, "Kwa hiyo wanaharibu kwa makusudi." Nikamwambia ndiyo bamkubwa. Akasema haya, endelea.

Tukafika ule wimbo wa mwisho usio na mtu. Hapo hakusema kitu. Niliona tu kidole chake cha pete cha mkono wa kushoto kinatikisika juu ya goti, kile kidole cha kuvuta nyuzi, mwenyewe sidhani kama alikuwa anajua. Ulipoisha akaniuliza huyu kabla ya hii hakuwa na sahani ya santuri yenye jina lake? Nikamjibu hakuwa nayo. Akakaa. Akasema, "Hata mie."

Mhariri, mji huu usiuone umelala hivi. Bendi ya Kiko Kids walikuwa hapa na Salum Zahoro wao tangu miaka ya hamsini, wakaja Tabora Jazz na mtindo wao wa Segere Matata, wakaja Nyanyembe Jazz, watu walikuwa wanashuka kwenye treni ya Kigoma na ya Mwanza wanauliza dansi liko wapi kabla hawajauliza gesti. Mtaje mwimbaji Shem Karenga, mtoto wa Kigoma aliyekuja kung'arishwa na Tabora Jazz, mtu yeyote wa rika la bamkubwa kuanzia Ujiji mpaka huku atakuimbia nyimbo zake pale pale. Haya sasa, muulize huyohuyo aliyekuimbia, solo kapiga nani? Besi nani? Atakutolea macho. Na siyo kosa lake, redioni walikuwa wanatajiwa bendi na wimbo, ukibahatika na mwimbaji, ngoma inaanza. Halafu na vyombo vilikuwa vya mwenye bendi, bamkubwa siku anaacha kazi aliliacha na gitaa lenyewe likiegemea ukutani, akatoka na koti la sare tu, ambalo mpaka leo lipo na lina kola kubwa kama mabawa ya bata.

Miaka michache nyuma nilimpeleka studio moja ya huku, sitaitaja. Kijana wa pale alimpokea vizuri, shikamoo nyingi, akampa gitaa, mzee akaanza kupiga na akawa ndo anapata moto, kijana akamwambia inatosha mzee. Kumbe alitaka kale kapande kadogo tu, akakakata akawa anakazungusha kwenye kompyuta mara mia, akaweka biti, akaimba yeye juu yake. Wimbo ulitoka na ulipigwapigwa kwenye bodaboda mwezi mzima. Jina la bamkubwa halikuwepo popote, na elfu kumi ya nauli tuliyoahidiwa bado tunaisubiri. Sijamshtaki mtu, nawaambieni tu muone tunakotoka.

Kwa hiyo huyo Mzungu mimi sikumuona kama babu anayelilia umaarufu. Keith Richards wa Rolling Stones mwenyewe, mnamjua, kaanza na bendi 1962 lakini albamu ya jina lake kaja kuitoa 1988. Mpiga gitaa ndo desturi yake kusubiri nyuma ya mwimbaji, ila wenzetu wakimaliza kusubiri kuna mahali pa kwenda.

Ombi langu dogo na halina gharama. Nyie mna ile kona yenu ya zilipendwa kila Jumapili, mnaweka picha ya bendi watu kumi na mbili wamepiga magoti na suti, halafu chini jina moja tu la mwimbaji. Andikeni wote. Solo fulani, sekondi fulani, ridhimu fulani, besi, tumba, saksafoni. Kama hamuwajui ulizeni, wenyewe wapo, wengine wapo mtaa wa Ng'ambo hapahapa Tabora, wengine Kigoma Mwanga, asubuhi utawakuta barazani, hawana haraka. Mkinipa picha nitamuonyesha bamkubwa na atawataja mpaka na waliokuwa wanadaiwa bia.

Kuhusu yeye, tumeshaanza. Nimemtengenezea gitaa bovu lililoachwa na mteja tangu mwaka juzi, na Jumapili iliyopita tumerekodi kwa simu vipande vinne uani kwa shangazi. Cha pili kuku kalia katikati. Nilimwomba arudie akakataa, kasema kuku ameingia kwenye kiitikio vizuri kabisa, aachwe.

Fundi redio,
Isevya, Tabora