Mate mtapima, fizi ataziangalia nani?

Mhariri,

Gazeti lako nalisoma miaka mingi na sijawahi kukuandikia, ila ile habari yenu ya kupima fizi kwa mate imenishinda kunyamaza. Eti unasukutua, unatema kwenye kikopo, dakika chache majibu haya hapa. Sawa, kipimo kipo, watu wa Finland wamehangaika nacho miaka, kinatafuta kimeng'enya cha MMP-8 ambacho chembe nyeupe za damu zinakitoa fizi ikivimba, na ndo hicho hicho kinakata nyuzi zinazoshika jino. Lakini mbona hamkusema mate hayaonyeshi ni jino lipi? Mate ni ya mdomo mzima! Bado dokta lazima achukue kile kifimbo chenye alama za milimita akichomeke kati ya jino na fizi, kikizama milimita 4 kwenda juu kuna shida.

Sasa nani anakichomeka? Mimi nauza mitumba hapa Busia, upande wa Uganda, mwaka jana kila nikipiga mswaki unatoka mwekundu, mdomo unanuka mpaka mteja anageuza uso, nikaenda hospitali moja ya serikali, jina naliacha. Foleni tangu asubuhi, kuingia ndani dokta taa hajawasha ananiuliza lipi linauma, namwambia dokta hakuna linalouma, ni damu, anasema basi tung'oe hili linalocheza, kwanza vuka barabara kanunue glavu na ganzi. Glavu! Tangu 2001 tunaambiwa hospitali za serikali ni bure halafu mgonjwa ndo anamvalisha dokta mikono, nikanunua nifanyeje, jino likatoka, ukoga hakuna aliyeukwangua, fizi hakuna aliyezitazama, na damu inatoka mpaka leo ila sasa na pengo ninalo.

Na hawa wenye sukari je? Mama mkwe wangu kila kliniki anachomwa kidole, hajawahi kuambiwa fungua mdomo, wakati fizi zikioza sukari inakuwa ngumu kushuka na sukari ikipanda fizi zinazidi kuoza. Hilo si la kuandika?

Basi wakileta hicho kikopo chao wakianzishe kliniki ya sukari, pale watu wamekaa kwenye benchi tayari, na kila kikopo kifungwe pamoja na glavu mbili, saizi ya dokta. Na nyie mkiandika tena mtuwekee bei, kwa shilingi.

Muuza mitumba,
Busia