Kabla Hujamfuata Kamba Mawe Pangoni

Kaskazi ikishika na maji yakawa maangavu, vijana huingia dukani kwetu hapa Lamu na swali lile lile: "Nifanyeje nikae chini muda mrefu, nimkamate kamba mawe, yule kamba mkubwa wa miambani?" Miwani tunauza, mapezi tunauza. Ila kabla hujajaribu miwani, nasi tutakuuliza letu: unazama na nani?

Maana kinachoua wazamiaji si kina. Ile hamu ya kuvuta pumzi haiji kwa sababu oksijeni imekwisha, huja kwa sababu hewa chafu (kaboni dioksidi) imejaa mwilini. Sasa kuna mtindo wa kuhema haraka haraka mara nyingi kabla ya kuzama, na wanaofundishana hivyo ni wengi. Hewa chafu inapungua, kifua kinatulia, unajiona hodari. Oksijeni haijaongezeka lolote la maana. Ulichofanya ni kuzima kengele. Na kwenye mita 10 shinikizo ni mara mbili ya juu, kwa hiyo hata oksijeni kidogo bado inakutosha. Ukianza kupanda shinikizo linashuka, na oksijeni ile ile haikufai tena. Mtu huzimika mita chache kabla ya kuibuka, pengine hata baada ya kuibuka. Hapigi kelele, hatapitapi.

Ndiyo maana tunasema wawili: mmoja chini, mwingine juu, uso majini, macho kwa mwenzake. Si kila mtu na jabali lake! Mwenzako akiibuka, usimwondolee macho kwa nusu dakika. Umekaa chini dakika moja? Pumzika juu mbili au zaidi. Mkanda wa risasi, ule wa vipande vya madini vya kukusaidia kuzama, tunaupima baharini: simama wima, toa pumzi yote, na bado uelee. Ukizama, tunapunguza.

Halafu kuna kamba mwenyewe. Mchana amejificha pangoni, ndevu mbili ziko nje zinachezacheza. Unapeleka mkono, anarudi nyuma akikwaruza, krr krr, na wewe unajiambia "kidogo tu, namfikia." Hiyo "kidogo tu" ndiyo tunayoiogopa kuliko papa. Akirudi nyuma mara moja, panda. Mchana hana haraka ya kuhama, utamkuta. Ukimkamata, shika shina la ndevu, si ncha. Ncha zitakukatikia mkononi.

Wazamiaji wa Kibajuni huingiza pweza pangoni kwa kijiti, kamba akamkimbia na kutoka mwenyewe. Ujanja huo tunaupenda kwa sababu mkono unabaki nje, na pango hilo hilo mara nyingi lina mkunga, yule samaki kama nyoka anayeuma. Hata hivyo vaa glavu.

Siku ya kwanza na sisi hakuna kamba. Tunangoja maji mafu, siku maji yanapojaa na kupwa kidogo, kwa sababu bamvua, yanapojaa na kupwa sana, lina mkondo, tunakwenda penye kina kifupi, na kazi ni masikio: ziba pua, puliza taratibu tangu mita ya kwanza. Yakiuma, panda. Una mafua? Ahirisha.

Bunduki za kuvulia usituulizie, sheria ya Kenya imezipiga marufuku. Na jike mwenye mayai chini ya mkia anarudi majini, hata kama hoteli inamngoja.

Njoo na mwenzako basi. Ukija peke yako utapata chai na glavu, lakini mashua haitaondoka mpaka afike.