Mwambie Rajabu asilipe kwanza

Tanga, Jumapili usiku

Shoga yangu Mwanaidi,

Asalaam aleikum. Salamu ndefu nitakuletea siku nyingine. Watoto wazima, paa la jikoni linavuja kama chujio, basi. Ujumbe wako nimeusikiliza mara tatu. Yaani Rajabu auze minazi ya Mzee anunue chupa ya "virusi vinavyokula saratani"? Na chupa yenyewe imefungwa kwenye gazeti!

Kinachoniudhi ni kwamba yule bwana muuzaji hakubuni yote. Dawa ya namna hiyo ipo, Marekani waliiidhinisha 2015. Ni kirusi cha herpesi, hikihiki kinacholeta vilengelenge mdomoni. Wamekitoa jeni mbili ili kisistawi kwenye seli nzima, wakakitia moja ya kuita kinga ya mwili. Kwenye seli ya saratani kinazaliana mpaka inapasuka, na mabaki yake yanaishtua kinga iwatafute wenziwe. Sisi wa maabara tukiisikia tunasisimka, sikufichi.

Lakini ni ya melanoma, saratani ya ngozi, na hudungwa ndani ya uvimbe wenyewe. Hainywewi! Tena huhifadhiwa kwenye baridi ya nyuzi 70 hadi 90 chini ya sifuri, si kwenye gazeti. Hata huko, katika majaribio ya watu 436, waliodungwa ambao uvimbe wao ulinywea na kubaki hivyo miezi sita au zaidi walikuwa kama 16 kwa kila 100. Kwa wenye ugonjwa huo si haba, lakini Mzee anaumwa umio.

Halafu kisa cha mtoto wa Uganda aliyepona kwa surua, mlichoambiwa. Nacho kina chembe ya kweli, ndiyo maana kinauzika. Mwaka 1971 madaktari wa Kampala waliandika habari za mvulana mwenye uvimbe wa saratani ya Burkitt jichoni, ukanywea alipopata surua. Lakini surua ya mtaani inaua watoto, na hakuna aliyeiuza kwa chupa. Mkanye Bi Zuhura, namjua yule, asije akamlaza Mzee chumba kimoja na wajukuu wenye vipele!

Rajabu usimgombeze, anampenda baba yake. Ila minazi ile ikishauzwa...

Sasa niambie. Mzee alishapigwa kipimo cha kamera? Kinyama kilichukuliwa, na majibu yameandikwaje, neno kwa neno? Uji bado unapita au maji tu? Rufaa ya hospitali ya saratani ya Ocean Road imeandikwa, au mnamngoja Rajabu? Bima yake bado hai? Na huyo muuzaji alishachukua kiasi gani, sema kweli, maana ulikohoa ulipofika hapo.

Nipigie kesho baada ya saa kumi, natoka zamu.

Wako,
Saumu