Kurabu wenye manyoya meupe wachunguzwe

Mhariri,

Naomba nafasi nieleze jambo linalonishughulisha tangu mwezi uliopita. Karibu na kibanda ninaponunua viazi karai hapa Majengo, Mombasa, huja kurabu mmoja wa ajabu, yaani kunguru wa asili ya India. Akitua humtambui, ni mweusi mwenye shingo ya kijivu kama wenzake. Akiruka tu, kila bawa latokeza utepe mweupe, kana kwamba limepakwa chokaa.

Watoto humrushia mawe. Jirani yangu, mtu mzima ninayemheshimu, alinionya nisimkodolee macho, eti huyo si ndege. Wengine wanasema amechanganya damu na kunguru wetu wa asili. Lakini yule weupe wake uko kifuani na shingoni, wala si mbawani. Zeruzeru naye hukosa rangi mwili mzima mpaka machoni, na huyu macho yake ni meusi tititi.

Juzi niliokota unyoya wake. Ncha ni nyeusi na ngumu. Katikati, penye weupe, pamelegea na kuchanika kama ukindu wa mkeka mkuukuu. Ni kwa sababu rangi ile nyeusi, melanini, ndiyo pia inayoupa unyoya nguvu, na pasipo nayo hulika upesi.

Ndege anaweza kuzaliwa na mabaka meupe kwa hitilafu ya urithi. Ila kwa kunguru wa miji ya Ulaya, wataalamu wamehusisha tepe za namna hii na lishe duni: kinda anakosa protini wakati manyoya yanaota, rangi haitoshi, unyoya unatoka na pengo. Mimi basi nalishuku jaa. Kurabu wetu wanalea makinda kwa nini, kama si chipsi zilizolala, maganda ya mkate na ukoko wa ugali tunaoumwaga kando ya barabara? Chakula hicho hicho ndicho kilichowafanya wajae mji huu hata kunguru wa asili wakapungua.

Mwaka 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilitangaza mpango wa kuua kurabu milioni moja, sumu ikiwa mojawapo ya njia. Siupingi; wanakula mayai na makinda ya ndege wengine, na wenye kuku wanajua hasara yao. Ninaloomba ni hili: mizoga isifukiwe kabla mbawa hazijakunjuliwa. Wenye weupe wahesabiwe, iandikwe walikotolewa, na manyoya yapelekwe kwa wataalamu wa ndege wa Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Kama wengi watatoka karibu na majaa, basi kaunti nayo ina kazi ya kufanya, maana sumu pekee haitazoa taka.

Unyoya wangu nimeuweka kwenye bahasha. Mtaalamu atakayeuhitaji nitampa.

Mkaazi wa Majengo,
Mombasa