LUKU ikiisha haraka, anza kukagua chooni

Mteja mmoja wa Tabata, Dar es Salaam, alitupigia simu sisi mafundi wa umeme na bomba akiwa ameshakata shauri kwamba mita yake inakimbia. LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, ya shilingi elfu ishirini iliyokuwa ikimfikisha wiki mbili sasa ilikuwa inaisha siku ya nne. Alikuwa amebadilisha taa zote za nyumba akaweka za LED na kuwakataza watoto kupiga pasi, na friji alikuwa analizima usiku. Yuniti ziliendelea kuyeyuka vilevile.

Tulipofika hatukugusa waya wowote kwa muda wa saa nzima. Tuliingia chooni, tukafunua tanki la kuflashi, tukaweka alama ya penseli usawa wa maji, kisha tukafunga koki ndogo inayoliingizia maji. Tanki lilikuwa la lita 9. Baada ya dakika tatu maji yalikuwa yameshuka theluthi nzima. Maana yake ni lita moja kila dakika, usiku na mchana, inateleza kimyakimya kwenye bakuli bila mtu kusikia hata mchirizi. Kwa siku ni lita 1,440.

Nyumba ile, kama nyingi za Dar es Salaam, ina tanki la chini ya ardhi la kuhifadhi maji ya mgao, na pampu ya kuyapandisha kwenye simtanki la juu. Choo kilikuwa kinamaliza simtanki la lita 1,000 kabla siku haijaisha. Maji yakishuka, floti, ile swichi inayoelea, inawasha pampu. Mgao ukichelewa, tanki la chini linakauka, na pampu haina kitu cha kuizuia isizunguke kavu. Siku nyingi ilikuwa inaanza saa tatu usiku na kunguruma hadi saa kumi na mbili asubuhi bila kupandisha hata ndoo moja. Pampu ya nguvu farasi moja na nusu, hata ikizunguka bila maji, inaweza kula karibu kilowati moja, yaani yuniti moja kila saa. Saa tisa mfululizo ni karibu yuniti tisa. Linganisha na zile taa zake: taa kumi za wati 9 zikiwaka saa sita zinamaliza nusu yuniti na kidogo tu.

Kilichokuwa kibovu ni mpira wa chini wa tanki la kuflashi, uliokakamaa kwa chumvi ya maji. Mpira huo bei yake ni ndogo tu. Mwaka uleule fundi mwingine alishambadilishia sili ya pampu mara mbili, bila mtu kuuliza kwa nini sili inaungua. Tulibadilisha mpira, tukaweka floti ya pili kwenye tanki la chini ili pampu isiwake kukiwa hakuna maji. Mita haikuwa na kosa lolote.

Tunakisimulia kisa hiki kwa sababu wateja wengi wana namba ya fundi umeme na namba ya fundi bomba, na kila fundi anaangalia upande wake tu. Wa umeme anapima waya anakuta salama, anaondoka. Wa bomba haitwi kabisa, maana hakuna maji yaliyomwagika sakafuni. Ndiyo maana sisi tunakwenda wawili, na tunaanza kwa kusoma mita zote mbili.

Kipimo hiki unaweza kukifanya mwenyewe leo usiku kabla hujamwita mtu yeyote. Matanki yakiwa yamejaa, funga mabomba yote na usiruhusu mtu kuflashi, kisha katazame mita ya maji: kile kigurudumu kidogo kikiendelea kuzunguka, kuna mahali panavuja. Kwa choo chenyewe, mimina chai ya rangi iliyopoa kwenye tanki la kuflashi, usubiri nusu saa bila kuflashi. Rangi ikionekana kwenye bakuli, mpira umekwisha. Kwa umeme, zima kila kitu na uchomoe friji, kisha tazama kitaa chekundu cha mita. Kikiendelea kupepesa, kuna kitu kinakula umeme, na pampu ndiyo ya kwanza kushukiwa. Kumbuka pia kwamba tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa kupitia LUKU, kwa hiyo ukinunua mwanzo wa mwezi ukapata yuniti pungufu, soma risiti kwanza.

Na wanaonunua maji ya boza wapige hesabu hii: lita 1,440 kwa siku ni zaidi ya lita 43,000 kwa mwezi. Hayo ni maboza manne ya lita 10,000 na mengine yanabaki, yote yamepita chooni.

Lakini kinachotunyima usingizi ni bafu linalopiga shoti. Tunaingia nyumba za watu, tunaonyeshwa bafu, na mwenye nyumba anatuambia kwa utulivu kabisa, "Hapa ukioga vaa ndala, bomba linatetemesha kidogo." Watoto wameshafundishwa kufungua koki kwa kutumia taulo. Familia imezoea. Tafadhali sana, msizoee. Ule mtetemeko mdogo ni umeme unaotafuta njia ya kwenda ardhini, na kwa siku hiyo njia ni mkono wako. Siku ndala zimelowa, au mtoto ameingia peku, hautakuwa mdogo tena.

Wengi hujibu, "Si kuna breka?" Breka ya kawaida inalinda waya usiungue. Breka ya ampia 32 inasubiri ampia zaidi ya 32 zipite ndipo ianguke, ilhali moyo wa mtu unaweza kuvurugika kwa sehemu ya kumi tu ya ampia moja. Utakuwa umeshaanguka, na breka bado imesimama. Kinachomlinda mtu ni ethi nzima, ule waya wa kijani na njano unaopeleka ardhini umeme unaovuja, pamoja na breka ya uvujaji, ile yenye kitufe kilichoandikwa T. Hiyo inakata umeme ukivuja miliampia 30 tu, kabla hata sekunde haijatimia. Bonyeza kile kitufe kila mwezi. Isipoanguka imekufa, ibadilishwe. Kama kwenye meinswichi yako hakuna kitufe cha namna hiyo, nyumba yako haina ulinzi huo kabisa.

Bafu linafikaje hapo? Hita za kichwa cha shawa, hizi za kupasha maji papo hapo, nyingi zina wati 5,500. Kwenye volti 230 hizo ni ampia 24. Inahitaji waya wake peke yake kutoka kwenye meinswichi, usiopungua milimita nne za mraba, na breka yake. Tunachokikuta mara kwa mara ni waya wa moja na nusu, waya wa taa, umeungwa juu ya dari kwa selotepu ya karatasi, na ule wa kijani na njano umekatwa ukakunjwa kwa sababu aliyefunga aliona "hauna kazi". Waya huo wa kijani na njano ndio uhai wenu.

Halafu kuna maji ya chumvi. Visima vingi vya Dar es Salaam vina chumvi, na maji ya chumvi yanapitisha umeme kuliko maji yasiyo na chumvi. Hita ya kawaida ina waya wa kupashia ulio uchi ndani ya maji. Kwa kisima cha chumvi inatakiwa hita ya maji ya chumvi, ambayo waya wake umefunikwa. Kwa nje zinafanana, na muuzaji asipoulizwa hasemi. Onja maji yako kabla hujanunua.

Nyumba za zamani zina tatizo lake. Zilikuwa na mabomba ya chuma, na bila mtu kupanga, mabomba hayo yalisaidia kupeleka umeme unaovuja ardhini. Ukibadilisha kipande cha bomba ukaweka la plastiki, njia hiyo imekatika. Tumeitwa zaidi ya mara moja kwa shoti iliyoanza wiki ileile fundi bomba alipomaliza kazi nzuri kabisa.

Mengine ni mafupi. Soketi ya joto au yenye weusi pembeni usiitumie hata kama inafanya kazi. Na acheni kuchomeka kalamu kwenye tundu la juu la soketi ili plagi ya pini mbili iingie. Tundu lile ni la ethi, na pini yake ndiyo inayofungua milango ya matundu mawili ya chini; milango hiyo imewekwa kwa sababu.

Upande wetu, kwanza tunakagua, halafu tunakuandikia vifaa vinavyohitajika, na ukitaka unanunua mwenyewe. Kifaa kibovu tunakuachia ukione. Kazi za umeme zinafanywa na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Mwombe akuonyeshe, na mwombe hivyo fundi yeyote, hata asiye wetu. Lakiri ya mita hatuigusi. Kuanzia mita kwenda kwenye nguzo ni kazi ya TANESCO, na hapo tutakuambia uwapigie wao.

Unapotupigia, tutumie picha ya meinswichi ikiwa imefunguliwa mlango, picha ya lebo ya hita na ya pampu, na namba zilizoonekana kwenye mita zote mbili usiku na asubuhi. Hizo zinatupunguzia nusu ya kazi. Kama ni shoti ya bafuni, zima meinswichi kwanza, watoto waogee ndoo leo, ndipo upige simu.