Asili ya Beyoncé isiandikwe nusu nusu

Mhariri,

Naandika kuhusu ile habari yenu ya asili ya Beyoncé, mliposema ana damu ya Kifaransa halafu mkaishia hapo. Hapana jamani, hiyo sio haki kwa ile familia. Mama yake, Tina, kazaliwa Galveston, Texas, kwenye familia ya Wakreoli weusi wa Louisiana, watu wenye damu ya Kiafrika na Kifaransa iliyochanganyika tangu enzi za utumwa, na baba yake Mathew ni mtu mweusi wa Gadsden, Alabama, ambaye nyie hata hamkumtaja.

Hata hilo jina Beyoncé ni la ukoo wa mama, sio la kisanii. Tina mwenyewe ameshaeleza kwamba yeye na ndugu zake jina liliandikwa tofauti tofauti kwenye vyeti vya kuzaliwa, na mama yao alipotaka lirekebishwe akaambiwa ashukuru hata kupewa cheti, maana kuna wakati weusi walikuwa hawapewi. Na ukirudi nyuma zaidi ndo inauma kabisa, sensa ya Marekani ya 1850 na 1860 watumwa wengi waliandikwa umri, jinsia na rangi tu chini ya jina la bwana wao, wengi majina yao yanaanza kuonekana 1870. Ndo maana upande wa Wafaransa unapatikana kirahisi, wale walikuwa na makaratasi.

Naomba mkiandika tena asili ya msanii mweusi wa kule mtaje pande zote mbili, na pale kumbukumbu zinapokatika mueleze kwanini zimekatika. Aya mbili tu zinatosha.