Risala ya Chama cha Wanafunzi wa Sayansi ya Malighafi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonyesho ya Maabara

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Kitivo, wahadhiri wetu, wageni waalikwa, mabibi na mabwana,

Kwa heshima na taadhima tunakushukuru kwa kuacha majukumu yako mazito na kuja kujumuika nasi, tena kwa kufika saa ileile iliyoandikwa kwenye kadi, jambo ambalo hatukulizoea.

Chama chetu kilianzishwa na wanafunzi tisa na leo kina wanachama thelathini na wanne. Katika kipindi hicho kifupi kimeandika historia kwa kushika nafasi ya tatu kwenye maonyesho ya kitivo, na kwa kutengeneza vipande vya filamu ya plastiki ambavyo, ingawa hakuna kinachozidi kiganja cha mkono, vimesifiwa na kila aliyevishika.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wakulima wa nyanya na pilipili hoho wanaotumia vitalu nyumba huku kwetu Arusha wanajua jinsi nailoni ya paa inavyopauka, ikakakamaa, kisha ikachanwa na upepo. Chanzo kikubwa ni mionzi ya jua ya urujuanimno, ambayo hukata minyororo mirefu ya molekuli inayoipa polithini, yaani plastiki ya nailoni hiyo, unyumbufu wake. Oksidi ya titani, ile inayoipa rangi ya ukutani weupe, hufyonza mionzi hiyo vizuri. Lakini ikishaifyonza, yenyewe huzalisha kemikali kali zinazoishambulia plastiki, na hapo unakuwa umemkabidhi fisi bucha. Dawa yake ni kupandikiza atomi chache za metali ya manganizi ndani ya fuwele za oksidi hiyo, ili chaji zinazoamshwa na mwanga zinaswe na kuzimika humohumo kabla hazijafika kwenye uso wa chembe. Chembe zenyewe zikiwa chini ya nanomita 100 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita) na zikitawanyika vyema, kiasi cha gramu moja katika gramu mia za plastiki kinaweza kutoa kinga bila kuiziba nuru ambayo mimea inaihitaji.

Upandikizaji huo hukamilika kwenye tanuri, na hapa ndipo tulipokwama. Unga wetu wa oksidi hiyo unahitaji kuchomwa kwenye nyuzi joto 500 hivi kwa saa kadhaa bila joto kuyumba: likipungua, mabaki ya kemikali hubaki ndani, likizidi sana, chembe hushikana na kukua, na muundo wa fuwele hubadilika kutoka anatasi kwenda rutili, yaani mipangilio miwili tofauti ya atomi za oksidi hiyohiyo. Tanuri letu la umeme liliharibika kidhibiti joto, hivyo tumekuwa tukiomba nafasi kwenye tanuri la kuni la mfinyanzi mmoja mkarimu, ambalo kipimajoto chake ni jicho la mwenyewe. Unga uliopaswa kutoka na rangi ya kahawia iliyofifia hutoka na masizi. Kipande cha mwisho tulichokivuta kwenye mashine ya kupima uimara kilikatika palepale penye bonge la unga lenye ukubwa wa mbegu ya mchicha.

Mheshimiwa, ombi letu ni moja tu: tanuri dogo la maabara la umeme lenye kidhibiti joto. Hatuliombi kwa mara ya kwanza. Mwaka juzi mgeni rasmi aliyesimama hapo ulipo alituahidi tanuri hilo kabla ya muhula kwisha, tukampigia makofi, na kwa imani hiyo tukajenga meza ya zege na kumlipa fundi avute waya wake wa umeme. Mwaka jana mwingine alisema suala letu liko kwenye mchakato, nasi hatukuthubutu kuuliza mchakato huo unaishia wapi. Wakati huo chupa yetu moja ya kemikali ya titani, ambayo huharibiwa na unyevu wa hewa, imeganda utando mweupe shingoni, na haifai tena.

Ankara kifani, yaani makadirio ya bei kutoka kwa muuzaji, tuliyoambatanisha na risala hii ni ya tatu. Mbili za mwanzo zilipitwa na wakati zikiwa kwenye mafaili ya waliotuahidi. Hii inadumu siku thelathini. Kwa unyenyekevu mkubwa, tunakuomba kabla ya chakula upite maabara namba mbili uione meza hiyo ya zege. Chupa ya chai iliyokuwa ikikaa juu yake tumeshaiondoa.

Naomba kuwasilisha.